Hivi hakimu anatumia kipimo gani kupanga matunzo ya mtalaka?

#1 Kisima_Kirefu
Habari zenu wakuu.
Niende moja kwa moja. Kuna ndoa ya miaka 11 inavunjika, watoto wawili. Mmoja ana ajira nzuri, mwenzake aliacha kazi miaka sita iliyopita akabaki nyumbani na watoto. Sasa huyu wa nyumbani anadai matunzo ya kila mwezi. Siyo ya watoto, hayo hayana ubishi. Anadai yake mwenyewe.
Mtu mmoja kaniambia ndoa ikishavuka miaka kumi unalipwa nusu ya mshahara wa mwenzio mpaka mmoja afe. Mwingine kacheka, kasema mkiachana kila mtu na lake. Nani mkweli? Hakimu ana jedwali au anapima watu kwa macho?
Nchi siitaji, najua humu mmetapakaa. Kila mtu aseme anavyojua kwake.

#2 Mkeka wa Pembeni
Nimekaa siti ya mbele. Waje wajuzi.

#3 Tindo
Lipa kaka. Umemwachisha mtu kazi, miaka sita anakulelea watoto, wewe unapanda vyeo, leo unauliza kipimo? Ungemlipa yaya, mpishi na mlinzi kwa miaka hiyo yote ungeshafilisika. Nusu mshahara ni ndogo.

#4 Karani_Mstaafu
Nimekaa masjala ya mahakama muda mrefu, mafaili ya talaka nimeyabeba kwa mikono hii. Mimi si wakili, ila nimeona mengi yakipita.
Kosa la kwanza la wengi ni kutia vitu vitatu kwenye chungu kimoja. Kuna mgawanyo wa mali mliyochuma, kuna matunzo ya watoto, halafu ndiyo kuna matunzo ya mtalaka. Ya mwisho hufikiriwa mwishoni makusudi, kwa sababu aliyepata nyumba na akiba kwenye mgawanyo huenda asihitaji tena kulipwa kila mwezi. Nimeona mtu anafika kortini na hoja kali za matunzo, wakati mgawanyo wa mali ulishampa kila alichokuwa anakitafuta. Akaambiwa asante, kaa chini.
Pili, kabla ya "kiasi gani" kuna "anastahili?" Watoto wanastahili kwa kuzaliwa. Mtalaka hastahili kwa sababu tu aliwahi kufunga ndoa, lazima aonyeshe kwa nini. Akivuka hapo ndipo inakuja kiasi, halafu muda. Na usichukulie muda kuwa jambo dogo. Nimeona watu wakigombana wiki tatu juu ya kiasi, muda wakaukubali kwa dakika tano, kisha wakaujutia miaka saba.

#5 HesabuKali
Mleta mada kauliza jedwali. Lipo. Kanada wana mwongozo uliotoka 2008. Kama hakuna watoto wa kutunzwa, unachukua tofauti ya vipato vya wawili kabla ya kodi, unazidisha kwa asilimia 1.5 hadi 2 kwa kila mwaka wa ndoa, na hauvuki asilimia 50. Muda ni nusu mwaka hadi mwaka mmoja kwa kila mwaka mliokaa pamoja.
Kwa hiyo miaka 11: asilimia 16.5 hadi 22, kwa miaka 5.5 hadi 11. Mwenye mshahara wa 100 atoe 16.5 mpaka 22. Kazi imekwisha, tukalale.

#6 Nanaa Kavu
@HesabuKali usilale bado. Umesema mwenyewe ni asilimia ya TOFAUTI, halafu ukaipiga kwenye mshahara mzima. Mmoja akipata 100 na mwenzake 40, tofauti ni 60, kwa hiyo ni 9.9 hadi 13.2.
Halafu #1 kataja watoto wawili. Kukiwa na watoto wanaotunzwa hiyo njia haitumiki, kuna nyingine inayoanza na kinachobaki mkononi baada ya kodi na matunzo ya watoto. Na mwongozo wenyewe si sheria, ni ushauri tu. Majaji wa huko wanaupenda kwa sababu unapunguza kelele.

#7 HesabuKali
Nilichukulia wa nyumbani anapata sifuri, kwa hiyo tofauti ni 100. Lakini kwa watoto umenikamata. Nakubali.

#8 Tindo
Hesabu Kali kakaliwa kooni 😂

#9 Baharia wa Nchi Kavu
Hii habari ya miaka kumi nadhani imetoka California. Kule ndoa ikifika miaka kumi inahesabiwa kuwa ndefu, na mahakama haiweki tarehe ya mwisho ya mamlaka yake juu ya matunzo. Ndoa fupi kuliko hapo, kipimo cha kawaida ni nusu ya muda mliokaa. Watu wakasikia "haina tarehe ya mwisho" wakatafsiri "milele". Siyo. Maana yake mlango haujafungwa, yeyote kati yenu anaweza kurudi kuomba amri ipunguzwe au ifutwe.

#10 Karani_Mstaafu
Hapo umefafanua vizuri baharia. Nyongeza: Florida walifuta matunzo ya kudumu mwaka 2023. Upepo wa sehemu nyingi unavuma kuelekea muda wenye mwisho. Scotland sheria yao ya 1985 inasema kwa kawaida isizidi miaka mitatu baada ya talaka, ukitaka zaidi uonyeshe utapata dhiki kubwa kweli.

#11 Shangazi wa Mtandao
Mimi nabisha kidogo na #9. Kusikia "miaka kumi" na "nusu ya mshahara" kwa pamoja kunanikumbusha kitu kingine: mafao ya uzeeni ya serikali ya Marekani. Ndoa ikiwa imedumu miaka kumi, mtalaka anaweza kudai mafao kupitia rekodi ya mwenzake, hadi nusu ya kiwango kamili cha yule. Na mwenye rekodi hapunguziwi hata senti. Mtu kasikia "miaka kumi, nusu", akaenda kulisimulia kama mshahara. Hayo hayahusiani na hakimu wa talaka kabisa.

#12 Baharia wa Nchi Kavu
Shangazi, inaweza kuwa yote mawili. Uvumi hauna baba mmoja.

#13 Mwanachuoni Mdogo
Assalaam alaykum. Kwa upande wa sheria ya Kiislamu jambo ni jepesi, matunzo ni ndani ya eda tu, ule muda wa kusubiri baada ya kuachwa. Eda ikiisha, basi. Mume hadaiwi kitu tena.

#14 Mama Hajra
Waalaykum salaam. Kijana, umeruka kurasa.
Aliyepewa talaka rejea anatunzwa na kukaa nyumbani mpaka eda iishe. Mjamzito, mpaka ajifungue. Aliyeachwa talaka isiyo na rejea na hana mimba, wanazuoni wamegawanyika: Mashafii wanampa makazi bila matumizi, Mahanafi wanampa vyote. Hapo hapo kuna kiliwazo, ambacho umekisahau kabisa. Albaqara aya ya 241 inasema walioachwa wapewe cha kuwaliwaza kwa mujibu wa sharia. Akikunyonyeshea mtoto baada ya kuachana, ana ujira wake, hiyo ni Attalaq aya ya 6. Akitoka kwa khului, yaani mke mwenyewe ndiye aliyeomba kuachwa, hesabu inageuka, yeye ndiye anayerudisha mahari.
Sasa hicho kiliwazo ni kiasi gani? Kila mtu kwa uwezo wake, na ubishi wa "uwezo wake" ni ule ule wa kwenu huko kortini.

#15 Nanaa Kavu
Naomba nimuunge mkono Mama Hajra kwa mfano wa India. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ilimpa matunzo Shah Bano, mama mtu mzima aliyeachwa baada ya ndoa ya miaka zaidi ya arobaini. Kukatokea zogo la kisiasa, Bunge likapitisha sheria 1986 iliyoonekana kumbana mume ndani ya eda tu. Mwaka 2001 mahakama ile ile ikaisoma sheria hiyo kwa jicho jingine: malipo yafanyike ndani ya eda, lakini yawe ya kumtosha mbele ya safari. "Ndani ya eda" ikawa muda wa kulipa, siyo muda wa kutunzwa. Neno moja, maisha mawili tofauti.

#16 Mwanachuoni Mdogo
Nimefaidika. Jazakumullahu khayra.

#17 Jiko la Pili
Mmeongea sheria, ngoja nilete yaliyonikuta.
Mimi niliacha masomo mwaka wa pili nikaolewa. Miaka tisa. Tulipoachana hakimu hakuniuliza nalia kwa nini, aliuliza nahitaji nini ili nijitegemee, na kwa muda gani. Nilikwenda na barua ya chuo inayoonyesha kozi imebaki miaka miwili na ratiba ya ada. Nikapewa miaka mitatu, kiasi kinashuka kila mwaka. Mwaka wa tatu kilikuwa kidogo mpaka natamani kucheka.
Dada yangu alikwenda na machozi tu, na kesi yake ilikuwa nzito kuliko yangu. Alipata miezi minane.

#18 Tindo
@Jiko la Pili pole na hongera. Unaona sasa @Kisima_Kirefu? Lipa kaka, mama wa watoto wako asome.

#19 Mshumaa
Kwa mtazamo wangu wote mnapotea. Swali la kwanza ni NANI KAVUNJA NDOA. Huwezi kutoka nje ya ndoa halafu ulipwe na uliyemsaliti. Kama huyo wa nyumbani ndiye mwenye makosa, asipewe hata nauli.

#20 Karani_Mstaafu
@Mshumaa inategemea umesimama kwenye ardhi gani. Kanada sheria inamkataza jaji kabisa kuangalia nani alikosea. Uingereza mwenendo unahesabiwa pale tu unapokuwa mbaya kiasi cha kuona ni dhuluma kuufumbia macho, na tangu Aprili 2022 hata talaka yenyewe haihitaji lawama. North Carolina ni kinyume: anayeomba matunzo akithibitika kuzini kabla ya kutengana hapati, mwenye uwezo akithibitika yeye analipa, wakizini wote hakimu anaamua.
Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 116, kiini ni uwezo wa mmoja na mahitaji ya mwingine, lakini mahakama inatazama pia kila mmoja kachangia vipi kuvunjika kwa ndoa, na mila za jamii yao. Kwa hiyo kosa lina uzito wake, ila si mizani nzima.

#21 Mshumaa
Wakizini wote hakimu anaamua! Huyo hakimu anahitaji chai ya tangawizi.

#22 Wino Mweusi
Tanzania kuna ile kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango, kwa hiyo mke alipewa matunzo. Tindo yuko sahihi.

#23 Nanaa Kavu
@Wino Mweusi nusu nusu. Kesi ile ilikuwa ya mgawanyo wa mali, siyo matunzo, yaani chungu kingine katika vile vya #4. Na ndiyo, kanuni ya kwamba kazi ya nyumbani ni mchango ilisimama, ndiyo maana inatajwa mpaka leo. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu pale. Mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe za kuanzisha kitu, akazitumia hovyo, ikahesabu kuwa fungu lake kashalichukua. Alishinda hoja, akashindwa shauri.

#24 Wino Mweusi
Duh. Walimu wetu walitufundisha nusu ya kwanza tu.

#25 Kisima_Kirefu
Nimewasoma wote, asanteni. Ila ngoja niwaweke sawa kabla Tindo hajanifilisi.
Mwenye ajira ni mimi. Na mimi ni mwanamke. Anayedai ni mume wangu.

#26 Mkeka wa Pembeni
😂😂😂 Nimerudi #1 kusoma upya. Kweli hajasema popote mume wala mke! "Mmoja", "mwenzake", "wa nyumbani". Sisi ndio tulimvika kanzu.

#27 Tindo
Aaah. Hapo sasa ni habari nyingine. Mwanamume mzima, mikono miwili, anadai matunzo kwa mke? Akafanye kazi.

#28 Shangazi wa Mtandao
Namnukuu Tindo wa #3: "Ungemlipa yaya, mpishi na mlinzi kwa miaka hiyo yote ungeshafilisika. Nusu mshahara ni ndogo." Huyo Tindo mwingine yuko wapi? Tunamtafuta.

#29 Baharia wa Nchi Kavu
Yaya ni yaya, awe na ndevu au asiwe nazo.

#30 Tindo
Mnanionea. Naongelea uhalisia.

#31 Wino Mweusi
Uhalisia wa wapi? Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya Orr dhidi ya Orr, ilifuta sheria ya Alabama iliyosema waume tu ndio walipe. Cha kuchekesha, aliyefungua hoja ni mume aliyekuwa akidaiwa, siyo mume aliyetaka kulipwa.
Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema mwenza au aliyekuwa mwenza, haitaji jinsia. Katiba yao ya 2010 ibara ya 45 inawapa haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na wakati wa kuachana.

#32 Karani_Mstaafu
Na kabla mtu hajasema "haki sawa maana yake nusu kwa nusu": Mahakama ya Juu ya Kenya ilishalitolea maneno Januari 2023. Ibara hiyo haigawi mali katikati moja kwa moja, kila mmoja athibitishe mchango wake, wa fedha au usio wa fedha.
Tanzania kwa mume ni pagumu zaidi. Kifungu cha 115 kinaruhusu mke aamriwe kumtunza mume pale tu mume anaposhindwa kujitafutia riziki, kabisa au kwa kiasi, kwa ajili ya maradhi au majeraha ya mwili au akili. Kulea watoto hakumo kwenye orodha hiyo.

#33 Tindo
Tanzania oyee.

#34 Mzee wa Mkongojo
Mimi ni mwanaume ninayelipwa na mtalaka wangu. Nachekwa sana, nimezoea.
Mgongo ulivunjika kazini. Mke alikuwa mwalimu, akapanda akawa mkuu wa idara. Alipochoka na mimi (simlaumu, nilikuwa mkali kwa maumivu) mahakama iliagiza madaktari wawili, wa kwangu na wa upande wake. Wangu alisema sitafanya kazi tena. Wake alisema naweza kazi ya kukaa, masaa manne kwa siku. Hakimu akamwamini wa pili. Akanihesabia kipato cha masaa manne AMBACHO SINA, akakitoa kwenye mahitaji yangu, kilichobaki ndicho ninacholipwa.
Dada Kisima, mwenzio ana kazi gani mkononi?

#35 Kisima_Kirefu
Pole sana baba. Yeye ni mhandisi wa umeme. Aliacha kazi mtoto wa pili alipozaliwa na tatizo la moyo, na wakati huo huo mimi nikahamishwa kituo. Tulikubaliana pamoja, sitasema alilazimishwa wala alijitakia. Mtoto sasa ni mzima, yuko darasa la kwanza. Mwenzangu anatengeneza vitu vya watu hapa na pale, analipwa mkononi, kwenye karatasi ni sifuri.

#36 HesabuKali
Basi tumrudishe kwenye hesabu. Kipato cha karatasi sifuri hakimu hatakikubali. Ataangalia uwezo wa kupata, kama alivyofanyiwa Mzee wa Mkongojo. Mhandisi mwenye afya, hata akianzia chini, atahesabiwa kitu. Na matumizi yake yatasema: anayetumia 30 kila mwezi na kipato sifuri aeleze hiyo 30 inatoka wapi.

#37 Jiko la Pili
Lakini mhandisi aliyekaa nje miaka sita si mhandisi yule yule. Vyeti vinachacha. Wenzake aliosoma nao wameshakuwa wakuu. Hiyo pengo haizibwi kwa kusema "ana mikono miwili". Kwangu mimi huyu hadai huruma, anadai kifuta jasho cha alichokiacha.

#38 Nanaa Kavu
Hapo Jiko la Pili kagusa kiini. Kanada wamegombana juu ya hilo mara mbili mbele ya Mahakama ya Juu. Mwaka 1992 ikasemwa matunzo ni fidia ya hasara ambayo ndoa imemsababishia mtu. Mwaka 1999 ikaongezwa kwamba hata bila hasara, hitaji peke yake laweza kutosha, kama mmoja anaumwa. Uingereza mwaka 2006 nao wakataja mambo kama hayo: hitaji, fidia, kugawana matunda.
Tatizo ni kwamba zinatoa majibu tofauti kwa mtu yule yule. Mume wa Kisima kwa hitaji anapata kidogo, kwa kuwa ni mzima na anaweza kazi. Kwa fidia anapata zaidi.

#39 Mshumaa
Na mimi nauliza tena, nani kavunja ndoa?

#40 Kisima_Kirefu
@Mshumaa hakuna aliyezini. Tuliacha tu kuongea. Ukitaka lawama, mimi nilianza kuchelewa kurudi kwa sababu ya kazi, yeye akaanza kulala chumba cha watoto.

#41 Mshumaa
Basi sina la kusema leo.

#42 Shangazi wa Mtandao
Muujiza.

#43 Baharia wa Nchi Kavu
Mimi nashabikia kumalizana. Wafaransa tangu 2000 wanapendelea mtalaka apewe kwa mkupuo, na kama huna zote unalipa kwa awamu ndani ya miaka isiyozidi minane. Mkimaliza mmemaliza, hata akioa kesho haikuhusu. Haya ya kila mwezi yanawafunga watu kamba. Nina rafiki anaishi na mwanamke miaka mitano hawafungi ndoa, kwa sababu akifunga tu malipo anayopokea kutoka kwa mtalaka wake yanakatika.

#44 Kipepeo Mkavu
Mkupuo nilikubali mimi na najuta. Nilichukua fedha za miaka minne kwa pamoja, miezi kumi baadaye nikaugua. Malipo ya kila mwezi hali ikibadilika unarudi kuomba yaongezwe. Mkupuo ukishasaini huna pa kurudi. Wakili aliniambia. Nilisikia neno "fedha yote leo" tu.

#45 Baharia wa Nchi Kavu
Na kinyume chake, yule anayelipa akifukuzwa kazi anaweza kurudi kuomba ipungue. Kwenye mkupuo kashalipa. Kila upande una kisu chake.

#46 Karani_Mstaafu
Arudi KABLA hajaacha kulipa. Nimeona wengi wanaacha kulipa kimya kimya wakidhani hakimu ataelewa. Deni linajikusanya, linakatwa kwenye mshahara wa kazi mpya. Marekani hata ukitangaza kufilisika deni hilo halifutiki.

#47 HesabuKali
Tukiwa Marekani, jambo la kodi: mikataba ya baada ya 2018, anayelipa hapunguziwi kodi ya serikali kuu kwa alicholipa na anayepokea hatozwi. Ya zamani ilikuwa kinyume. Mkiangalia vikokotoo vya mtandaoni hakikisheni si vya zamani.

#48 Tindo
Swali dogo, wanaume mnaokaa nyumbani, vyombo mnaosha nyie au?

#49 Mzee wa Mkongojo
Kwa masaa manne kwa siku, kijana. Daktari kaniruhusu.

#50 Mkeka wa Pembeni
Nimeanguka kitini 😂

#51 Kisima_Kirefu
Wakuu, nimetoka kwa wakili leo. Hakuuliza jedwali wala nani kakosea. Kanipa fomu ya kurasa nyingi: kodi ya nyumba, umeme, usafiri, dawa, bima, nguo, madeni, miezi 12 nyuma, na kila mstari na ushahidi wake. Mwenzangu anajaza ya kwake. Amesema hakimu ataziweka mbili pembeni kwa pembeni, na mwongo ataonekana kwenye jumla kabla hajafungua mdomo.
Na kaniuliza swali lililoninyima usingizi: kama yeye asingeacha kazi, wewe ungekubali uhamisho? Nimekaa naliwaza. Nisingekubali.

#52 Jiko la Pili
Basi hilo mwambie wakili wako sasa hivi, usisubiri aambiwe na wakili wa mwenzio.

#53 Wino Mweusi
Au asiseme. Si kazi yake kujenga kesi ya upande wa pili. Barua ya uhamisho ina tarehe, wataiona wenyewe.

#54 Nanaa Kavu
Wino, barua itaonyesha alihama. Haitaonyesha kwamba asingehama. Hayo ni mambo mawili.

#55 Tindo
Dada Kisima, mimi nimelala nikafikiria. Mtoto wa moyo miaka sita, mahospitali, nani alikuwa anakesha?

#56 Kisima_Kirefu
Yeye.

#57 Tindo
Mpe hata miwili basi. Miwili na vyeti vyake avifufue.

#58 Shangazi wa Mtandao
Tindo wa #3 kapatikana.

#59 HesabuKali
Miwili kwa msingi gani? Kwa kipimo cha nusu ya ndoa ni mitano na nusu. Kwa Scotland isizidi mitatu. Kwa Tanzania yaweza kuwa sifuri.

#60 Mshumaa
Kwa mtu wa kawaida ni miwili.

#61 Karani_Mstaafu
@Kisima_Kirefu waache wapigane. Hiyo fomu ya matumizi ijaze kwa penseli kwanza, uiache siku mbili, uirudie. Kila mtu husahau matengenezo ya gari na meno.

#62 Kisima_Kirefu
Meno! Nimeshasahau meno.